Anasikia, Hasikii

Kwaa! Kisha wa, wa, wa, wawawawa, mpaka kikatulia.

Kilikuwa kifuniko cha sufuria kubwa, kilichomponyoka mama mtu na kuangukia sakafu ya saruji. Spika, aliyekuwa anafunga kamba za viatu mlangoni, aliruka. Mke wake, aliyekiangusha, akashika kifua. Paka wa jirani akatokea dirishani kama aliyefukuzwa na moto. Mtoto peke yake, wakati huo wa miaka miwili na ushei, alibaki amekaa vile vile, mgongo kwao, uso ukutani. Hata bega halikutikisika.

Miaka mitatu na nusu imepita, lakini Spika akiulizwa shida ilianza lini, hatafuti tarehe. Husema, “Ilianza kwa kifuniko.”

Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu watatu, na mmoja wao hulisahau. Sokoni ni Spika tu. Ni mnadi wa nguo za mitumba. Kila asubuhi hupanda juu ya kreti lililopinduliwa, robota limefunguliwa miguuni, kipaza sauti kinaning'inia shingoni zaidi kwa pambo kuliko kwa kazi, maana sauti yake mwenyewe huvuka meza za mboga na kuwafikia mafundi wa kuchomelea kule mwisho wa soko. Huinua shati, hulikung'uta mara moja, kisha huanza:

“Hili si shati, hii ni bahati! Bosi alilivaa mara moja akapandishwa cheo! Nani anaongeza? Ukilikosa leo, kesho usiniletee kilio!”

Miaka ishirini na tisa ameishi kwa koo lake. Koo limempatia mke, maana mke huyo alikuja kununua sketi akaondoka na muuzaji, kama asemavyo mwenyewe. Koo limewalea vijana wawili ambao sasa wanajitegemea. Halafu, walipokwisha kudhani nyumba imetulia, akaja Kitinda, kitindamimba wao, binti mwenye macho makubwa ambaye sauti ya baba yake ilimpita kama upepo unavyolipita jiwe.

Akimwita kutoka mlangoni, hageuki. Akimwita akiwa hatua mbili nyuma yake, hageuki. Wakati mwingine, akirudi kazini na sauti bado imejaa soko, mtoto huziba masikio kabla hata jina lake halijatamkwa lote. Spika hakuelewa. Mtu asiyesikia anaziba nini?

Na tena, chana karatasi ya biskuti chumba cha pili, utamwona huyo mlangoni, mkono ameunyoosha. Jirani wa nyumba ya tatu akifungua bomba, Kitinda huinua kidole. Spika alikuwa akitega sikio na kuambulia patupu.

“Anasikia anachotaka,” alisema Kandambili, muuza viatu wa meza ya jirani. “Kama mke wangu.”

“Mke wako anasikia yote. Ni wewe usiyesema la maana.”

Walicheka, lakini Spika alirudi kwenye kreti lake akiwa bado analiwaza neno lile. Siku hiyo aliuza suruali za watoto kwa bei ya kaptura, na hakujua mpaka Kandambili alipompigia mluzi.

Ndipo mwalimu wa darasa la awali alipoandika kwenye daftari la Kitinda, kwa kalamu nyekundu: *Mtoto hasikii. Apimwe.*

Maneno matatu, na nyumba ikagawanyika. Spika aliyasoma akaketi. “Ni kiziwi. Mwalimu ameshagundua.”

Mke wake alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Mikono yake ilinukia joto, na maneno yake aliyanyoosha kama kola. Alilichukua daftari. “Kiziwi yupo wapi hapo? Ameandika hasikii. Hasikii maneno. Anaambiwa kaa, anasimama. Anaambiwa njoo, anakwenda.”

“Sasa apimwe nini? Adabu inapimwa kwa mashine?”

“Muulize aliyeandika.”

Spika alikwenda kumuuliza. Mwalimu alikuwa mtu mzima, mchovu, mwenye watoto hamsini na wawili na chaki moja. “Mwalimu, shikamoo. Pale ulipoandika hasikii, ulikuwa na maana gani?”

“Marahaba. Maana yake hasikii.”

“Ndiyo, lakini hasikii vipi?”

“Baba Kitinda, mtu akiwa hasikii, hasikii. Namwita mara kumi, kimya. Mimi nitajuaje kama ni masikio au ni kichwa kigumu? Ndiyo maana nikaandika apimwe.” Akafungua droo, akatoa fomu. Chini kulikuwa na viboksi viwili, kimoja *Anasikia*, kingine *Hasikii*. “Niletee hii kabla ya kufunga shule. Akiwa hasikii, kuna shule ya bweni ya viziwi, nzuri sana, wana walimu wao. Ni mbali kidogo. Unalala njiani usiku mmoja.”

“Na akiwa anasikia?”

Mwalimu alifunga droo. “Akiwa anasikia, basi sijui nimfanyeje.”

Spika alirudi sokoni na fomu hiyo kifuani. Kiboksi kimoja kingemchukua mwanawe, kikamlaza kitanda cha mbali ambako yeye angefika mara tatu kwa mwaka na zawadi mkononi, kama mgeni. Kiboksi cha pili kingemwacha nyumbani, lakini kingesema neno ambalo Spika hakuthubutu kumwambia hata mkewe: kama binti yule anasikia, basi miaka yote hii alikuwa akimsikia baba yake akimwita, na hakuja. Kati ya hayo mawili hakujua aombe lipi. Akawa anaomba bila kutaja kitu.

Daktari wa watoto walimwona kwanza. Spika ndiye aliyempeleka, maana siku hiyo dobi alikuwa na mashuka ya hoteli. Daktari alicheza na Kitinda kwa magari ya plastiki, akamwona akiyapanga mstari mmoja tu, magurudumu yote upande mmoja. Aliuliza maswali mengi huku feni inakoroma juu yao, kisha akasema jambo, akaandika barua, akasema tena kwamba kabla ya kuthibitisha lazima wahakikishe kwanza masikio.

“Amesemaje?” aliuliza mke wake jioni.

“Amesema ni usingizi.”

“Usingizi?”

“Usingizi. Watoto wengi wanao, anasema. Barua imefungwa, tumpe mpimaji wa masikio.”

Wakaanza kumlaza Kitinda mapema. Wiki tatu walimlaza jua likiwa bado liko juu ya paa la jirani. Walifunga mapazia, wakavua viatu ndani ya nyumba, na Spika akawa anakula amesimama ukumbini kwa kuogopa mlio wa kiti. Kitinda alilala chali, macho wazi, akivuma wimbo wa noti moja. Usingizi haukuongezeka, wala shida haikupungua.

Siku moja kabla ya kipimo, bahasha iliyokwisha kulegea gundi ikajifungua yenyewe kwenye mkoba. Mke wake akasoma.

“Baba Kitinda. Njoo hapa. Soma neno hili.”

“Usingizi.”

“Soma kwa macho, usisome kwa kumbukumbu.”

Alisoma. U-so-nji. Akasoma tena, akaigeuza karatasi kama neno lingine lingekuwa upande wa pili. “Sasa hili si ndilo alilosema?”

“Umemlaza mtoto wiki tatu, mume wangu.”

“Feni ilikuwa inapiga kelele!”

Mke wake alikaa kitako sakafuni akacheka mpaka machozi, kisha akaacha kucheka, na machozi yakaendelea. Neno lile wote wawili walikuwa wamelisikia redioni, mara moja au mbili, likihusu watoto wa watu wengine.

Mpimaji wa masikio alikuwa dada kijana aliyesema kwa sauti ndogo mno. Alipowakaribisha, Spika aliinamisha kichwa. “Ee?”

“Nimesema karibuni.”

“Ahaa. Starehe. Zungumza tu kwa nguvu, dada, mtoto ana tatizo la kusikia.”

Dada alimtazama, akatazama faili. Hakuinua sauti.

Chumba cha kupimia kilikuwa chumba ndani ya chumba. Mlango wake mnene kama godoro, kuta zimevikwa sponji ya kijivu, dirisha moja la kioo ambalo nyuma yake dada angekaa na mashine. Mlango ulipofungwa, Spika alijisikia kama mtu aliyetumbukizwa ndani ya robota. Kitinda, ambaye kule nje kwenye benchi alikuwa akijipiga mapaja na kulia, alinyamaza. Akatazama dari, akatazama kuta. Mabega yake yakashuka. Spika hakuwahi kuyaona mabega yale yakiwa chini.

Vipokea sauti vya kichwani alivikataa, akavivua mara nne. “Basi, sauti itatoka kwenye hizi spika za pembeni,” alisema dada.

“Spika ni mimi,” alisema Spika. Hakuna aliyecheka.

Kazi ilikuwa rahisi: mtoto akisikia mlio, atupie kipande cha mbao ndani ya ndoo. Dada hakueleza kwa maneno. Alipiga magoti, akashika kipande shavuni, akangoja, mlio ukalia, tii-tii-tii, akatupia. Akafanya hivyo mara tatu, kimya kabisa. Mara ya nne Kitinda akamnyang'anya kipande.

“Baba, wewe kaa kwenye stuli nyuma yake. Usimsaidie. Usiseme, usitikise kichwa, hata nyusi.”

Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa. Alikaa na mikono katikati ya magoti. Dada akaenda nyuma ya kioo.

Tii-tii-tii. Kipande ndooni. Mlio ukaja tena, mdogo zaidi. Kipande ndooni. Spika aliuma mdomo asipige kelele za furaha. Anasikia! Ukaja mwingine, mwembamba kama sindano. Kipande.

Kisha kukawa kimya. Kitinda ameshika kipande shavuni, ametulia. Kimya. Akatupia.

Spika alishtuka. Mbona hakuna kitu? Mtoto akachukua kingine, akangoja, akatupia. Hakuna kitu. Kingine tena. Hakuna kitu, na kipande kimeanguka ndooni. Kumbe alikuwa anabahatisha toka mwanzo. Kumbe anacheza tu, anapenda vipande vinavyoanguka. Akaona kile kitanda cha mbali na shuka lake la bweni, limekunjwa tayari.

Alivumilia vipande vitatu zaidi, kisha koo likamshinda. “Dada!” alipaza sauti akipunga mkono kwenye kioo. “Dada, simamisha! Anabahatisha, hakuna sauti hapa!”

Ndani ya kuta zile sauti yake ilikuwa kama robota lililodondoshwa toka juu ya lori. Kitinda akaziba masikio, akajikunja mpaka paji la uso likagusa ndoo.

Dada aliingia. Hakukasirika. Alikaa chini karibu na mtoto, bila kumgusa, mpaka mikono yake ikatoka masikioni. Ndipo akamgeukia Spika, akasema kitu.

“Ee?”

“Nimesema, sauti zilikuwepo.”

“Zipi?”

“Zote. Kila alipotupia, nilikuwa nimebonyeza. Na niliponyamaza makusudi, hakutupia.” Akafungua faili. “Baba, wewe hukuzisikia?”

Spika alitazama spika za ukutani, kisha ndoo, kisha viatu vyake. “Nilikuwa nimezubaa,” alisema.

“Sawa.” Aliandika kitu. “Sasa tujaribu kitu kingine. Mwite.”

“Kitinda!” Mtoto hakugeuka.

“Mwite kama unamwambia siri.”

Spika alikohoa. Hakukumbuka mara ya mwisho alipomwambia mtu siri. “Kitinda,” alisema, na sauti ikatoka imepasuka, kama ya mtu mwingine. Mtoto hakugeuka.

“Umeona?” alisema dada.

“Nimeona. Hakugeuka.”

“Wewe ulikuwa unangoja uso ugeuke. Mkono wake. Alikuwa anataka kuchukua kipande, mkono ukasimama hewani. Hapo alikusikia.”

Spika alitamani muda urudi nyuma akautazame ule mkono.

Walipotoka, dada alimuuliza kazi yake, kisha akamweleza, na safari hii alikaa mbele yake akimtazama ili midomo isaidie. Masikio ya Kitinda ni mazima, alisema. Sauti inaingia vizuri. Ugumu unaonekana kuwa huko ndani, katika kuzichambua. “Wewe ukiwa mnadani watu mia wanapiga kelele, lakini mteja mmoja akisema naongeza, unamsikia. Zingine unaziweka kando bila kujua. Yeye haziweki kando. Feni, viatu, bomba, jina lake, zote zinaingia pamoja, hakuna inayobisha hodi. Wakati mwingine anaziba. Wakati mwingine anashika moja tu, nyingine zinampita.”

“Kwa hiyo anasikia au hasikii?”

“Anasikia.”

“Nikimwita, anasikia kwamba ni mimi namwita?”

Dada alifikiri. “Hilo mashine yangu haipimi. Mrudishe kwa daktari wa watoto, kuna wataalamu watamfuatilia. Mimi napima masikio tu.” Akaweka alama kwenye kiboksi cha kwanza, akapiga muhuri. Kisha akatoa kadi nyingine, tupu. “Na hii ni ya kwako. Ukipata nafasi, uje ukae wewe mbele ya ndoo.”

“Mimi? Mimi nasikia mpaka bei ya kesho.”

“Njoo tu, baba,” alisema, na Spika akalisikia lile kwa sababu alimtazama mdomo.

Mwalimu alisoma fomu akiwa amesimama. “Anasikia. Haya. Basi ni ukaidi.”

“Hapana, mwalimu. Anasikia, ila anasikia... zote.”

“Zote zipi?”

“Zote zilizopo. Pamoja.” Alijaribu mfano wa mnada, ukamchanganya yeye mwenyewe katikati. Alijaribu habari ya mkono uliosimama hewani. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

“Baba Kitinda, nikuambie ukweli, sijaelewa.”

“Hata mimi, mwalimu. Lakini shule ya bweni siyo yake.”

“Hilo nimelielewa.” Alitazama darasa, dirisha linaloelekea uwanja wa mpira, watoto hamsini na wawili. “Nitamkalisha kule kwenye kona, mbali na dirisha. Nikitaka kumwita nitakwenda mpaka kwenye dawati. Tujaribu muhula mmoja. Siahidi kitu.”

“Hiyo inatosha, mwalimu.”

Siku iliyofuata hakukuwa na mnada. Mke wake alikuwa anaosha vyombo. Kitinda alikuwa ameketi sakafuni, pale pale penye kona yake, na kifuniko cha sufuria kubwa. Spika aliegemea mlango akiwa na ile kadi tupu mfukoni, ambayo hakuwa amemwonyesha mtu. Alimwona binti akikisimamisha kifuniko kwa ukingo, akakizungusha kama sarafu, akakiachia. Wa, wa, wa, wawawawa, kikatulia.

Na mtoto akabaki ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu, kidole kimenyooka.

“Kila siku anafanya hivyo ukiwa kazini,” alisema mke wake. “Akimaliza anarudia.”

Spika alivua viatu. Alikwenda akaketi nyuma ya binti yake, si karibu sana, kama alivyomwona yule dada akiketi. Kitinda hakugeuka. Akakizungusha tena. Kifuniko kilipiga kelele, kikapunguza, kikalala. Kwa Spika kilikuwa kimekwisha, kimya kabisa, sakafu ni sakafu. Lakini kidole kilikuwa bado juu.

Alifikiria siku ile ya kwanza, wote wakiruka, na mgongo ule mdogo umetulia ukutani. Labda hakukosa kusikia. Labda alikuwa bado anasikiliza, wakati wao wamekwisha kushtuka na kusahau. Hakuwa na hakika. Hakuwa na hakika na lolote, hata na masikio yake.

Kidole hakikushuka. Spika alitaka kumwita kwa jina, akaacha. Alisogea mpaka mdomo wake ukawa karibu na ule mkono, akautazama mkono wenyewe, si uso, na kwa sauti ambayo hakuna mtu sokoni angeamini kuwa ni yake, akanong'ona:

“Bado kinalia, mama?”